Kizuizi cha Treni Isiyopita

Kila nipitapo kwenye gereji za huku Kasapa, harufu ya mafuta mazito hunirudisha kwenye kizuizi cha reli alichokilinda baba yangu, na kichwa changu huvurugika upya.

Lilikuwa tawi dogo la reli, lililojengwa kuleta mahindi ya mashambani hadi Lubumbashi. Babu yangu alikuwa mmoja wa walioitandika, na baba akapewa kizuizi pale barabara ya udongo ilipoikatiza. Nilipopata akili, treni ilikuwa imekwisha kuacha kuja. Majani yalinifika kiunoni katikati ya vyuma. Hata hivyo, kila asubuhi baba alivaa kofia yake ya kazi, akazipaka bawaba mafuta, na saa ya treni ilipofika akateremsha ile boriti nyekundu na nyeupe. Wauza makaa waliotoka porini na baiskeli zao walisimama. Walijifuta jasho, wakapiga soga, wakangoja. Kisha baba alifungua, nao wakapita.

Mimi nilitazama upande huu wa reli, nikatazama upande ule, nisielewe kitu.

"Papa, train iko wapi?"

"Tungoye kwanza, mama," alinijibu mimi bintiye.

Mama alimtania, akimwita kwa jina langu, "Papa Odile, uko unafungia nani njia?" Lakini hakuwahi kumwambia aache. Kawaida ni kama sheria, na nyumba yetu ya matofali ilikuwa ya mlinzi. Kizuizi kingekufa, tungetolewa nje.

Siku moja wakubwa wa reli walikuja na gari kuichukua nyumba. Saa ya treni ilikuwa imefika. Baba akateremsha boriti mbele ya gari lao, na mimi nikaamini kwamba amepata wazimu. Niliogopa sana.

Mkubwa wao alishuka, akamwuliza mzee mmoja wa makaa, "Hapa train iko inapita bado?"

Mzee aliyatazama yale majani, kisha akaionyesha boriti. "Chef, barrière iko imefungwa."

Mkubwa aliitazama foleni ya baiskeli, akatutazama mimi na wadogo zangu mlangoni, kisha akamwambia dereva azime mota. Tukangoja sote. Baba alipofungua, gari liligeuza likarudi mjini, na hawakuja tena hadi kitinda mimba wetu alipomaliza shule.

Kwa miaka mingi nilidhani watu wazima wa kwetu wamepungukiwa na akili. Kumbe wale wauza makaa, wenye mizigo mizito kuliko wao wenyewe, walijua kabla yangu kwamba treni haiji. Walikuwa wakitungoja sisi tukue.