Mama Aliposhukuru Dawa

Mama aliporudishwa kutoka hospitali, daktari alituambia tukamtunze nyumbani. Ndugu zangu walielewa maana yake. Mimi nikasema huyo daktari ni mtoto mdogo, anajua nini! Asubuhi nikapanda basi dogo kutoka Endagikot hadi sokoni Dongobesh.

Mama muuza dawa alikuwa amekaa chini, majani yake yamefunikwa gunia lililoloweshwa maji yasinyauke. Kivumbasi, mchaichai, majani ya mpera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

Nikamweleza tumbo la mama lilivyovimba. Akafunua gunia, akanifungia yale majani machungu ya tumbo, mabichi kabisa, bado yana udongo. Nikayapokea nikaondoka kimya. Kwetu dawa ya majani haishukuriwi, ukisema asante umeiharibu, haifanyi kazi tena. Tangu utotoni mama mwenyewe alikuwa akitufinya midomo tusiropoke.

Nikayachemsha, nikampelekea kikombe kitandani. Akanywa mafunda mawili, akafuta mdomo kwa khanga.

"Asante, mwanangu."

Nilipandwa na hasira, jamani, mbele ya mgonjwa. "Mama! Tangu lini dawa inashukuriwa? Sasa umeiharibu yote!"

"Punguza sauti," akasema. "Najua ninachosema."

Nikajiambia ni homa, amesahau. Nilimwaga sufuria nzima nyuma ya nyumba, na kesho yake nikarudi Dongobesh.

"Ameshukuru," nikamwambia yule mama, kama mtu anayeshtaki. "Nipe mengine."

Hakugusa gunia. Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Mama yako ni mtu wa hapa hapa?"

"Ndiyo."

"Basi hajakosea. Nenda ukakae naye, binti yangu. Achana na soko."

Nilielewa kwamba mama ameiharibu dawa kwa makusudi, ila sikutaka kuelewa. Nikang'ang'ania kama mlevi, watu wakageuka kutazama, mpaka akanifungia fungu jingine ili niondoke.

Siku nne nilichemsha, dada yangu akishinda chumbani na mama. Asubuhi na jioni nilisimama juu ya mama na kikombe, mkono mmoja kiunoni, nikimlinda asitamke neno. Naye hakutamka. Alikunywa mpaka tone la mwisho, machozi yakimtoka kwa uchungu, kisha akanirudishia kikombe na kunionyesha kuwa ni kitupu. Nilifurahi. Nikawapigia ndugu zangu wengine simu kuwatambia kwamba anakunywa vizuri.

Alifariki siku ya tano, mimi nikiwa jikoni napuliza moto.

Dada yangu ndiye aliyeniambia, baada ya mazishi. Kila nilipotoka na kikombe, mama alikuwa anamwomba beseni, anatapika dawa yote, halafu anamsihi aimwage haraka. "Asijue," alikuwa akimwambia. "Mwache ahangaike, ndivyo anavyolia."