Profesa Alisimama Hotelini

Jumamosi mchana niliingia hoteli moja ya Kitale na mtoto wangu mchanga, ninywe chai kabla ya kurudi Bungoma. Kwenye meza ya jirani alikaa profesa mwenye mvi, na mwalimu mwenzake, mama kijana, akimfungulia kompyuta ili afundishe darasa la mtandaoni.

"Mimi nafundisha watu, madam, si mashine," profesa alikataa.

"Si ujaribu tu leo, Prof? Yule mwanafunzi wa kule Suam amejifungua, hawezi kusafiri. Ukikataa, ataacha masomo."

Profesa alishusha pumzi, akasimama, maana inaonekana hajazoea kufundisha akiwa amekaa. Akapapasa mfuko wa koti akitafuta chaki. Sauti ikatoka kwenye kompyuta: "Prof, tunaona mshipi wako tu!"

Tulicheka sote. Mhudumu akaleta kreti ya soda, kompyuta ikawekwa juu yake.

"Wa Suam yuko?" profesa aliuliza.

"Niko, mwalimu. Nimezima picha kwa sababu nanyonyesha."

Profesa akavua kofia, akainama kidogo kama anayesalimia mtu mlangoni. "Nyonyesha, mama. Tutaenda polepole."

Akafundisha jinsi udongo wa mlimani unavyoshika maji. Hata waliokuwa wakila chapati waliacha kutafuna. Mimi niliishia darasa la nane, na sikujua kwamba chuo kikuu kinaweza kumfuata mama hadi anaponyonyesha. Mtoto wangu naye alikuwa akinyonya chini ya leso. Chai ilipokwisha niliagiza nyingine ambayo sikuitaka, nisije nikatolewa darasani.