Salamu ya Fundi wa Raketi

Fundi wa kufunga nyuzi za raketi ana salamu ndefu, mpaka wachezaji humtania kwamba anatafuta mchumba. Hukushika mkono akaubana taratibu kwa vidole vyake vyenye sugu, huku macho yakikukodolea usoni, wala hakuachii mpaka apate anachokitafuta. Asubuhi ya fainali, fundi alipoubana mkono wake, mchezaji alijikaza kisabuni asikunje uso, maana kocha alikuwa nyuma yake, na kocha akijua kiwiko kinauma, fainali hachezi.

"Weka nyuzi ngumu, wima na mlalo. Kaza kilo ishirini na sita," mchezaji alisema.

"Haya, mwanangu."

Fundi alirudisha kipimo cha mashine hadi ishirini na mbili. Akapitisha nyuzi ngumu za wima, kisha, kimya kimya, akafungua droo ya nyuzi laini, zisizotikisa kiwiko, na kuzisuka za mlalo. Kocha akasogea mezani.

"Umefunga kama alivyosema?"

Fundi alizigonga nyuzi kwa kiganja, akasikiliza mlio.

"Nimefunga kama mkono wake ulivyosema."

Kocha akamgeukia mchezaji. "Hebu nisalimie."