Ulezi wa Baba na Kasuku wa Mninga

Kabla jua halijachomoza milimani, kelele zao zilikuwa zimeshatuamsha: mlio mkali, wa haraka haraka, kama wanawake wanaogombania zamu ya ndoo bombani. Walikuwa kasuku wadogo wa kujaa kiganjani, kijani kibichi, uso rangi ya papai lililoiva, na duara jeupe kuzunguka jicho lililowafanya waonekane wameshangaa daima. Kijijini kwetu, kando ya Ziwa Nyasa, hakuna aliyewajali mpaka mwaka ule mama alipopanda ulezi.

Mama alizaliwa Maguu, huko juu kwenye kahawa, akaolewa ufukweni kwa walaji wa muhogo. Baba alipofariki, mama aliapa kwamba kumbukumbu ya mwaka itakuwa na misa, kisha pombe ya ulezi uliotoka kwenye jasho lake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyelima ulezi jirani, hivyo masuke yalipokomaa kasuku wote walitushukia sisi. Dada yangu nami tulishinda juani kuamia, tukipiga madebe na kurusha madongo. Wakifukuzwa huku, wanatua kule, wananing'inia kichwa chini na kumenya punje moja moja, maganda yakidondoka kama pumba kinuni.

Jioni walikwenda kulala kwenye mninga mzee mwishoni mwa shamba, uliokuwa na uwazi ndani ya shina. Niliwahi kuchungulia. Walikuwa wameng'ang'ania ukuta wa ndani kwa kucha, bega kwa bega, na aliyechelewa alisukumana na wenzake huku wakigomba, kisha wote kimya. Niliwapenda mno. Na pombe ya baba niliitaka mno. Sikujua nimwombe Mungu lipi.

Baba mdogo, aliyekuja kutusaidia, hakuwa na shaka. "Shemeji, penye kuku wengi hapamwagwi mtama," alimtania mama. "Tuukate huo mti, la sivyo wageni watakunywa maji."

Kesho yake mama akasema, "Kata, shemeji. Lakini kata mchana, wakiwa wametoka."

Mti ulianguka adhuhuri. Jioni wakarudi. Walizunguka pale uliposimama, wakapita na kupita tena kwenye hewa tupu, wakilia, mpaka giza likatuficha sote. Siku chache baadaye walihama, nasi tukavuna.

Siku ya kumbukumbu pombe ilitosha, hata wageni kutoka Kingerikiti walisifu. Mama hakuonja. Nilipomuuliza, alisema, "Msiba wetu tumeuondoa, mwanangu, tukauhamishia kwa wengine."

Mwaka huu ni kumbukumbu yake yeye. Ndugu walisema tulime ulezi kama alivyofanya, tena siku hizi ni rahisi, hakuna ndege wa kuamia. Ni kweli, sijamwona kasuku yule kwetu tangu nimekuwa mtu mzima, na wanangu wanadhani kasuku ni ndege wa kwenye tundu tu. Basi tulilima. Masuke yamekomaa, yote mazima, nami ninakaa kando ya shamba nikitamani yaibwe.