Kina cha Alhamdu Tatu

Mume wangu alikuwa akivua kwa nzi. Si nzi wa kweli. Ni ndoana ndogo aliyoifunga manyoya na nyuzi kwenye meza yetu ya jikoni, pale Bowie, karibu na Washington, mpaka ikafanana na kidagaa. Wengi wanaovua hivyo husimama mtoni wakirusha mshipi juu kwa madaha. Yeye alipenda maji ya kina, katika bwawa moja kubwa lenye ukuta wa zege, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka nyumbani. Mshipi wake ulikuwa mzito, uliotengenezwa kwa kuzama. Aliutupa, akauacha ushuke pole pole na nzi wake, kisha akauvuta kidogo kidogo kwa mkono.

Jumamosi nyingi tulikuwa pamoja; nisipokwenda, alikwenda na rafiki yake mmoja. Yeye alishika ufito wa kuvulia, mimi nilishika makasia. Kazi yangu ilikuwa kuizuia boti isichukuliwe na upepo, na kazi hiyo niliiweza.

Kiangazi maji ya juu ya bwawa lile huwa vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Chini kabisa ni baridi, lakini hewa hakuna, na samaki hakai. Kwa hiyo wote hujipanga katikati, kwenye tabaka jembamba. Nzi asipofika hapo, umekosa. Akipitiliza umekosa pia, na huko chini kuna visiki vya msitu uliofunikwa na maji vinavyokungoja. Wavuvi wengine walipima muda kwa saa ya mkononi. Mume wangu alisoma Alhamdu. Tatu, kisha akaanza kuvuta.

Mwanzoni nilimwuliza kama anawasomea samaki.

"Samaki wana haja gani?" akasema. "Ulimi wangu tu umezoea. Na saa yenyewe niliiangusha humu humu."

Alifariki mwishoni mwa majira ya baridi, katikati ya miaka ya themanini. Nilikaa eda. Nilipomaliza, mdogo wake alikuja kutoka Arlington ili tugawe vitu. Kwetu nguo na zana za marehemu hazikai kabatini. Hupewa watakaozitumia, ili thawabu imfikie mwenyewe. Kanzu nilizitoa kwa mkono wangu, na viatu, na koti zito la baridi. Ufito nikaukatalia.

"Shemeji, huo mpe rafiki yake," akasema. "Wewe utaufanyia nini? Utaanikia nguo?"

"Nitavulia."

"Umeshawahi kuvua, wewe?"

"Sijawahi."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Sikuona ubaya, maana jibu langu lilikuwa la kweli na lilichekesha. Lakini alikwisha kumwambia yule rafiki, naye angekuja Jumamosi kuuchukua. Tukapatana hivi: Jumamosi hiyo kwanza ningekwenda bwawani kuvua mimi. Nikipata samaki wa kuleta nyumbani, ufito ubaki. Nisipopata, uondoke, na nisiseme neno.

Sikuwa na wasiwasi. Sikujua kurusha mshipi, lakini kwenye maji ya kina hakuna haja ya kurusha mbali. Unauteremsha ubavuni mwa boti, basi. Mengine nilikuwa nimeyatazama kwa miaka.

Yule rafiki alikuwa Mmarekani mweusi, mtu mzima kunizidi, aliyejifunza Kiswahili katika darasa la jioni mjini Washington. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Dada," akasema mlangoni, "mimi sikuja kukunyang'anya. Mimi nimekuja kwa sababu mimi nimeitwa."

"Najua, kaka. Ingia garini, naendesha mimi. Makasia utashika wewe."

"Je, unayo leseni ya kuvua?"

"Nimeikata jana dukani."

Nilimweleza mapatano yetu, naye njia nzima aliutazama ufito ule uliolazwa juu ya viti kama mtu anayetazama pilau ya jirani. Alisema mume wangu hakuwahi kumruhusu kuushika hata mara moja. Hakunificha kwamba anautaka, nami nilimheshimu kwa hilo.

Safari hii makasia alishika yeye. Nilifunga mshipini nzi mweupe, wa aina ambayo mume wangu aliiamini. Walikuwa wamebaki wawili, na mimi sijui kuwatengeneza. Nikauteremsha mshipi, nikasoma Alhamdu tatu, nikaanza kuvuta. Ulivutika kidogo, ukagoma. Nikavuta kwa nguvu, ukakatika. Nzi amebaki kwenye kisiki.

Rafiki akauliza, "Dada, wewe ulihesabu nini?"

"Alhamdu tatu. Kama yeye."

"Hapana. Zako ni ndefu sana. Mimi sijui Kiarabu, lakini nilimsikia kila tulipovua pamoja. Yeye alisoma kama mtu anayewahi basi. Wewe unasoma kama uko msibani."

Angenyamaza, jioni ile ufito ungekuwa wake. Alijua hivyo, na akasema.

Nililaza ufito magotini. Alisema kweli. Tangu siku ya mazishi, kila Alhamdu niliyoisoma ilikuwa ya mume wangu. Nilisimama mwisho wa kila aya, nikavuta pumzi, nikamtumia. Nilikuwa nimeisahau ile nyingine, ya kila siku, anayoisoma mtu mzima wa afya huku akitazama maji na kufikiria chakula cha mchana. Na kusema kweli sikutaka kuisoma. Niliona kama nikiharakisha, nitakuwa nimemalizana naye.

Lakini samaki walikuwa pale walipokuwa. Nikafunga nzi wa mwisho, nikateremsha mshipi, nikasoma kwa sauti, upesi, kila herufi mahali pake, kama alivyokuwa akisoma yeye. Amina ya tatu, nikavuta.

Mara ya nne kuvuta, kitu kilinivuta na mimi.

"Mwache aende!" rafiki akapiga kelele. "Mwache! Dada, usi... usi..." Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kiingereza, na mengine si ya kuandika. Sikumsikiliza. Nilimwachia samaki mshipi alipotaka, nikamrudisha alipochoka. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Alipofika juu, kaka akamchota kwa wavu: samaki mpana, mweupe, mwenye mistari myeusi ubavuni. Akampima kwenye alama alizochora mume wangu ukingoni mwa boti. Alizidi kipimo cha sheria.

Hapo nikageuka kumwonyesha mume wangu. Niligeuka kweli, na mdomo nimeshaufungua. Aliyekuwa amekaa pale ni rafiki yake, na wavu mkononi. Aliona, akainamisha macho, akanipa nafasi. Nililia. Kisha nikanawa uso kwa maji ya bwawa, nikamwambia aelekeze boti ufukweni.

Mdogo wa mume wangu alikuwa kwenye ngazi za mbele ya nyumba, anatusubiri. Alimtazama samaki, halafu hakuniuliza mimi, akamgeukia mwenzangu.

"Haki ya Mungu, kamvua yeye?"

"Yeye amemvua. Mimi nilishika makasia tu."

"Hukumsaidia?"

"Nilimwambia kosa lake. Samaki ni wake."

Shemeji akajikuna kichwa. "Haya, ufito wako. Lakini utaweza kuurusha huo mshipi kama kaka?"

"Sijui kurusha," nikasema. "Mwenzako huyu atanifundisha Jumamosi, na nimemwambia atauvulia na yeye, kwa zamu."

Nikaingia jikoni kumpara samaki. Walikuwa na njaa wote wawili.