Siku Tano za Kumlisha Mume Wangu Mtoni

Mume wangu alijiandikisha kwenye mashindano ya kuogelea bila kuniambia. Nilisikia kwa jirani, nikiwa shambani nakata majani makavu ya migomba, kwamba naye yumo kati ya wanaume kumi na mmoja watakaoufuata mto Tana kutoka Garissa mpaka Kotile kwa siku tano. Ilikuwa kiangazi, miaka ya tisini, kabla ya mafuriko makubwa kuja kufagia mashamba yetu. Wakubwa wa wilaya walikuwa wametangaza kwamba mshindi atapewa pampu mpya ya dizeli.

Yeye alikuwa fundi wa pampu hizo za kunyunyizia mashamba. Hakuihitaji ya kwake. Alijigamba hotelini, mbele ya wenzake na vikombe vya chai, kwamba anaweza kuogelea mpaka baharini, nao wakamwambia ajiandikishe basi. Hilo tu.

Kila mwogeleaji alikuwa na mtumbwi wa kumsindikiza: mpiga kasia, mwamuzi, na mtu wa kumlisha. Askari wa wanyamapori walitangulia na bunduki, wakipiga hewani kufukuza mamba na viboko. Sheria ilikuwa moja. Mwogeleaji akigusa mtumbwi, au akigusa ukingo kabla ya kambi ya jioni, ametoka.

"Utanilisha wewe," akaniambia. "Ndugu zangu watachoka."

Hakuniuliza kama mimi nachoka.

Kila alfajiri nilimpaka mafuta ya mkia wa kondoo kwapani, shingoni na mapajani, ili ngozi isichunike. Kisha naingia mtumbwini na jerikeni la uji mwepesi wa sukari na ndimu. Nilimpa kwa kikombe cha bati nilichokifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, naye akaelea chali akinywa. Mwamuzi wetu alikuwa mzee wa Kisomali, polisi mstaafu, mwenye kitambaa kichwani na tasbihi mkononi. Aliniita abaayo, yaani dada, na muda mwingi alisinzia.

Siku mbili za kwanza mume wangu aliogelea vizuri. Watu walijipanga kwenye kingo wakimshangilia, na kila walipokuwa wengi alipata la kunitukania. Uji ni wa moto. Uji umepoa. "Una mikono au huna? Leta hiyo fimbo karibu." Aliutema uji kuelekea kwangu, watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kama nilivyozoea.

Asubuhi ya siku ya tatu tulipita kijiji cha mama yangu.

Lazima nieleze hapo. Mama alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Habari ilinifikia siku ileile, na kulikuwa na lori la kwenda huko. Nilimwomba mume wangu ruhusa. Nilimwomba nimesimama, nikamwomba nimepiga magoti, nikamwomba tena usiku nikimkanda miguu. Alisema mahindi yako tayari na nyani hawangojei matanga. "Maiti haijui nani amekuja," akasema, akageukia ukuta. Mama akazikwa bila mimi. Nilipouliza tena siku ya arobaini, alinicheka na kuniuliza kama mama amefufuka.

Basi nikaliona kaburi lake kwa mara ya kwanza nikiwa mtumbwini, au niliona mahali walipozika watu, miiba iliyokatwa na kuzungushwa ili fisi wasifukue. Sikujua lipi ni lake. Mume wangu alipita akiogelea, hakuinua kichwa.

Mchana wa siku hiyo tumbo likamkamata. Alikuwa amemeza maji mengi ya mto. Aliharisha ndani ya maji huku akiogelea, akatapika uji, na mafuta yakawa yamemtoka, kwapa zikawa nyekundu kama nyama buchani. Kwenye mtumbwi wa jirani tuliona mtu wao ameshatoka, kijana mwenye nguvu kumshinda, amekaa kajifunika blanketi anakunywa chai. Mume wangu alimtazama sana.

Nilipomnyooshea kikombe hakunywa. Alielea karibu na ubavu wa mtumbwi, akasema kwa lugha yetu, ambayo mwamuzi na mpiga kasia hawakuijua:

"Mwambie mzee unaogopa. Mwambie wewe ni mke wangu na hutaki niendelee. Lia kidogo. Wakinitoa kwa ajili yako, si aibu yangu."

Nilirudisha fimbo mtumbwini.

"Nakuomba," akasema. Katika miaka yetu yote sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Nakuomba, mama watoto. Ninakufa huku."

Mwamuzi akazinduka. "Abaayo, nasema nini huyu? Anataka kubumsika, atoke maji?"

Mume wangu alinitazama. Kiswahili alikijua vizuri kuliko mimi. Angeweza kumjibu mzee mwenyewe. Angeweza kunyoosha mkono tu. Ubavu wa mtumbwi ulikuwa shubiri mbili kutoka kwenye vidole vyake.

"Anasema maji ni mazuri," nikasema. "Anasema bado ana nguvu."

"Mashallah," mzee akasema. "Mwanaume kweli."

Mpiga kasia akampigia makofi. Mume wangu alibaki hapo kidogo, akitweta, macho yameiva. Nilidhani atagusa. Kisha akageuka akaanza tena kuogelea, taratibu, nami nikamwambia kwa lugha yetu, "Twende. Mahindi hayangojei."

Nilifurahi. Watu wakinisikia nikisimulia hapa huwa wanatazamia niseme nilijuta. Nilikaa mtumbwini na jua likinichoma mgongo, nikamtazama akihangaika, nikafurahi mpaka nikaona njaa, nikala tende nilizombebea.

Siku ya nne sikio lake la kushoto lilianza kutoa usaha. Kambini nilimlaza, nikamsafisha kwa maji ya chumvi, nikampaka mafuta. Wake wa askari, waliokuja kupika kambini, walinipita wakisema, mke kama huyu haonekani siku hizi. Yeye alifumba macho. Asubuhi nilimwinua mwenyewe nikampeleka majini.

Tulifika Kotile siku ya tano, alasiri, wa mwisho kati ya sita waliobaki. Wanawake walipiga vigelegele. Mkubwa mmoja wa wilaya akampa blanketi la kijivu, akamwekea kipaza sauti mdomoni na kumuuliza nani alimpa moyo.

"Mke wangu," akasema.

Angesema nini kingine? Kusema kweli kungekuwa kusema kwamba aliomba.

Hospitali walimpa dawa, lakini sikio halikurudi. Akawa pia anayumba akitembea, hasa akiinuka ghafla. Fundi wa pampu husikiliza injini, na yeye hakuweza tena kujua inakohoa wapi. Wenye mashamba wakaanza kuita fundi mwingine. Alikaa nyumbani, mnyonge, akawa haniinulii sauti.

Mimi ndiye niliyebadilika. Nilijifunza kumwendea upande wa kushoto, wa sikio lisilosikia, nikiwa na la kusema. Nilimwambia hapo mambo ambayo sitayataja, nikimimina chai, na uso wangu mtulivu, wageni wakidhani namuuliza kama sukari imetosha.

Siku moja aligeuka ghafla, akanikuta katikati ya sentensi.

"Ulimwambia mzee nina nguvu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua sina."

"Nilijua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Kisha akaniuliza kama ningependa kwenda kijijini kwa mama. Atamwomba mwenye lori. Nilimwambia maiti haijui nani amekuja. Niliendelea kupepeta mchele, na sikumtazama mpaka aliposhika ukuta na kuingia ndani.