Siku Nilipomtetea Mama kwa Chifu

Kidato cha kwanza, katika Historia na Serikali, tulifundishwa uraia. Kuna wa kuzaliwa na kuna wa kuandikishwa, halafu kuna kile kipengele kitamu: mgeni aliyeolewa na Mkenya, wakakaa kwenye ndoa miaka saba, ana haki ya kuomba aandikishwe. Nilikikariri hadi nikakiota. Kilimhusu mama yangu.

Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, si mbali na kwetu Muhuru Bay. Aliolewa kwa ng'ombe, akazaa, akamzika mume, akauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni miaka yote hiyo bila kitambulisho. Hakuna aliyemwona mgeni, ila Kiswahili chake ndicho kilichomchongea. Sisi huku tunakiparamia tu. Yeye alikisema kikanyooka. Ndiyo maana, asubuhi ya kwenda kuhojiwa kwa chifu ili apewe kitambulisho, mzee wa kijiji alimwonya.

"Mama, leo hiyo Kiswahili yako wacha nyumbani. Mimi ndio nitaongea."

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikafuatana nao nikiwa nimevaa sare, eti nionekane msomi. Mbele ya karani wa vitambulisho, mzee alisema mama amezaliwa palepale kijijini, na kwamba yeye mwenyewe alimjua babake vizuri. Wazee wenzake wakaitikia kwa vichwa. Karani akachukua kalamu. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Mimi nikanyoosha mkono, kama niko darasani.

Hadi leo nikikumbuka naona haya mpaka masikio yanawaka. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Kilikuwa kimbelembele tu, na hamu ya kuonyesha kwamba karo haikwenda bure. Nikasimama nikasema hakuna haja ya uongo, kwani hata kama mama alizaliwa Tanzania, katiba inamlinda. Kisha nikakitoa kile kipengele chote, bila kukwama.

Karani akaweka kalamu chini. Hakukasirika.

"Umesoma vizuri," akaniambia. "Sasa leta cheti ya ndoa, na mzee mwenye alimuoa akuje aweke sahihi."

Baba alikuwa kaburini, na ng'ombe hawaandiki vyeti. Mzee wa kijiji aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimemfanya mwongo mbele ya serikali, yeye aliyekuja kutusaidia bure. Aliyesema kitu ni mama peke yake, kwa Kiswahili chake kilekile, maana hapakuwa tena na cha kuficha.

"Msimkaripie. Mtoto amesema kweli."

Afadhali angenichapa. Tangu siku hiyo ofisi ile ilimjua, na kila tuliporudi tuliambiwa kwa upole tulete cheti. Laini yake ya simu imeandikishwa kwa jina langu. Hela za omena yake mwenyewe, zinazoingia kwenye simu hiyo, akitaka kuzitoa, sharti aniombe mimi mwanawe nimtolee, na huomba kwa adabu, jambo linaloniumiza zaidi.

Uchaguzi uliopita nilisafiri kutoka Homa Bay, ninakofanya kazi, nikaja kupiga kura nyumbani. Niliporudi kutoka kituoni mama alikuwa anaanua omena. Nilijaribu kukificha kidole chenye wino, lakini alikwisha kukiona. Akakishika, akakigeuza huku na huku, hana kinyongo hata chembe.

"Na mimi," akauliza, "umenichagulia nani?"